Flashi Nayo Huaga Kabla ya Kuondoka

Mgeni akija nyumbani kwako, hukaribishwa, hula, huzungumza, na mwisho huaga. Hawezi kuinuka tu na kutoka mlangoni, huku wenyeji wako ndani wanamfungia zawadi. Akifanya hivyo ataondoka mikono mitupu. Wenyeji nao watabaki na kifurushi mkononi, hawajui wamkimbilie njia gani.

Leo tunataka kuzungumza juu ya mgeni mdogo, asiyezidi urefu wa kidole. Mgeni huyo ni flashi. Wengi wetu hapa Usoke, wilayani Urambo, tumekwisha kuiona. Ni kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta ili kuwekea maandishi, picha au nyimbo. Makatibu wa vikundi wanayo. Walimu wanayo. Wanafunzi wanaitundika shingoni kwa kamba.

Watu wengi wanajua kuichomeka. Ila kuitoa ndiyo shida. Wanaing'oa kama muhogo. Halafu siku ya kuihitaji kazi yao, haipo. Tuone kwa nini, na tuone la kufanya.

KISA CHA KATIBU

Tuchukue mfano. Kisa hiki ni cha kufundishia, lakini mambo ya namna hii hutokea.

Kikundi kimoja cha akina mama na akina baba kina wanachama 30. Kila wiki wananunua hisa na kukopeshana. Mwisho wa mwaka wanagawana fedha zao. Katibu wao ni mama aliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani, tena anaandika vizuri. Mwaka ule wanachama waliamua hesabu zichapwe kwenye kompyuta, ili kila mtu apate karatasi yake.

Katibu akaenda kwenye duka la steshenari karibu na stesheni ya reli. Kwa siku tatu alikaa na kijana wa dukani. Yeye anasoma kwenye daftari, kijana anachapa. Siku ya tatu jioni kazi ikaisha. Kijana akaihifadhi ile kazi kwenye flashi ya kikundi, au kama vijana wasemavyo, akaisevu. Pale nje bodaboda alikuwa anapiga honi.

"Mama, subiri kidogo tuitoe flashi kwenye kompyuta," kijana akasema.

"Mwanangu, kuitoa si ndiyo huku?" mama akajibu. Akaishika, akaichomoa, akaitia kwenye pochi. "Ubaki salama."

Siku ya mkutano wakaipeleka flashi kwenye kompyuta ya shule ili wachape karatasi. Jina la faili likaonekana. Wakalifungua. Likakataa. Wakajaribu tena. Likakataa tena. Wanachama wakaanza kutazamana. Mzee mmoja akasema polepole, "Mama Katibu, kwa hiyo jina lipo, ila hesabu zetu ndizo hazipo?"

Hapo ndugu msomaji unajua yanayofuata. Watu wananong'ona. Mwingine anasema hesabu zimeliwa. Mwingine anasema alijua tangu mwanzo. Siku tatu za kazi zimepotea, fedha ya kuchapia imepotea, na jina zuri la mtu limeanza kuchafuka.

Je, Katibu alikuwa mwizi? La. Flashi ilikuwa mbovu? La, hata yenyewe ilikuwa nzima. Basi kitu gani kilitokea?

KOMPYUTA HUANDIKA KAMA KARANI WA GHALA

Ili tuelewe, twende kwenye ghala la tumbaku. Hilo tunalijua wote.

Siku ya kupokea tumbaku, wakulima wanaleta marobota. Karani hafungui mlango wa ghala kwa kila robota moja. Angefanya hivyo, watu wangelala pale. Marobota yanapokelewa kwanza barazani. Yakishakuwa mengi, ndipo yanaingizwa ndani kwa pamoja na kupangwa. Kisha karani anaandika kwenye leja: robota la fulani, kilo kadhaa, limewekwa mahali fulani.

Kwa hiyo kuna mambo matatu: baraza, ghala na leja. Kompyuta nayo inayo hayo matatu.

Baraza ni kumbukumbu ya muda iliyomo ndani ya kompyuta. Kumbukumbu hii inapokea kazi kwa haraka sana. Lakini ina tabia moja: umeme ukikatika tu, inasahau kila kitu.

Ghala ni flashi yenyewe. Flashi inatunza maandishi hata bila umeme. Ila kuandika ndani yake kunachukua muda mrefu zaidi kuliko kuandika kwenye kumbukumbu ya muda.

Leja pia imo ndani ya flashi. Ni orodha inayoonyesha majina ya mafaili yote, ukubwa wake, na kila faili limelala sehemu gani. Bila leja hiyo kompyuta haiwezi kukuta kitu, hata kama kimo.

Na karani ni nani? Ni ile programu kuu inayoongoza kompyuta nzima. Wataalamu wanaiita mfumo endeshi. Windows ni mfumo endeshi mmojawapo. Ipo na mingine, kama Linux, na ule wa kompyuta za Mac.

Sasa angalia. Unapobonyeza kuhifadhi, mara nyingine mfumo endeshi unaipokea kazi yako barazani tu. Kisha unakuambia, "Tayari." Wewe unaona imekwisha. Kumbe karani bado yuko nyuma anaingiza marobota ghalani, na leja hajaifunga. Anafanya hivyo ili usikae ukingoja. Nia yake ni njema. Lakini ukiichomoa flashi wakati huo, umeondoa ghala na leja, na mzigo umebaki barazani.

MAMBO MATATU YANAYOWEZA KUHARIBIKA

Mtu akichomoa flashi kabla ya kuaga, moja kati ya mambo haya linaweza kutokea.

Kwanza, jina limo kwenye leja, lakini mzigo haumo ghalani, au umo nusu. Utaliona faili, ila halifunguki. Ndilo lililompata Katibu wetu.

Pili, mzigo umo ghalani, lakini leja haikuandikwa. Utaifungua flashi na kuona hakuna kitu, ingawa maandishi yamo. Ni kama robota ambalo karani hana habari nalo. Kesho ataweka robota lingine mahali pale pale, na la kwanza litafutika.

Tatu, leja yenyewe imechanika. Hapo mambo ni mabaya zaidi. Kompyuta inaweza kushindwa kusoma hata mafaili ya mwaka jana ambayo hukuyagusa. Tena ndani ya flashi kuna mtambo mdogo sana wenye kazi ya kupanga maandishi. Ili kubadili sehemu ndogo, mara nyingi mtambo huo unahamisha na kufuta fungu zima. Ukiukatia umeme katikati ya kazi hiyo, jirani asiye na kosa naye anaumia.

Lakini tusitishane bure. Kifaa chenyewe huwa hakiungui kwa kuchomolewa. Tundu hili linaitwa USB. Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1996, na lilitengenezwa ili vifaa vichomekwe na kuchomolewa huku kompyuta inawaka. Kwa hiyo hatari kubwa si kwa kifaa. Hatari ni kwa maandishi yaliyomo. Flashi nyingine utanunua dukani. Hesabu za kikundi hazinunuliwi.

HALI NNE ZA FLASHI

Ni vizuri kujua flashi iko katika hali gani kabla ya kuigusa. Hali ziko nne.

1. Imechomekwa, lakini kompyuta bado haijaitambua. Inasubiri kukaribishwa.

2. Imetambuliwa. Jina lake limeonekana kwenye kioo. Karani ameifungua leja.

3. Inafanya kazi. Maandishi yanaingia au yanatoka. Hapa usiiguse kabisa.

4. Imeachiwa. Kompyuta imemaliza kuandika na imeifunga leja. Bado unaiona kwenye tundu, lakini kompyuta haina tena shughuli nayo. Hapa ndipo pa kuichomoa.

Zaidi ya hayo, kwenye flashi nyingi karani anapoanza kazi anaweka alama ndani ya flashi yenyewe. Alama hiyo inasema, "Leja iko wazi." Akimaliza anaiondoa. Ukiichomoa katikati, alama inabaki. Siku nyingine ukiichomeka, kompyuta inaiona ile alama, na inakuambia kwamba flashi ina tatizo na inafaa ikaguliwe. Wengi wanafikiri ni kirusi. Huenda ni leja tu iliyoachwa wazi.

NAMNA YA KUAGA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows, fanya hivi:

1. Hifadhi kazi yako. Kisha funga dirisha la ile kazi. Usiishie kuhifadhi tu. Funga.

2. Angalia chini kwenye kona ya kulia ya kioo, karibu na saa. Kuna picha ndogo inayofanana na flashi. Kama huioni, bonyeza mshale mdogo unaotazama juu, nayo itajitokeza.

3. Bonyeza picha hiyo mara moja. Yatatokea maneno machache. Tafuta jina la flashi yako. Mbele yake kuna neno la Kiingereza, Eject. Maana yake ni "toa". Bonyeza hapo.

4. Ngoja. Kompyuta itakupa ujumbe kwamba sasa unaweza kuitoa kwa usalama. Ujumbe ukija, chomoa.

Kazi hiyo yote haizidi dakika moja.

Kwenye Mac, utaona alama ya pembetatu yenye mstari chini yake, kando ya jina la flashi. Bonyeza alama hiyo, ngoja jina litoweke. Kwenye kompyuta nyingi za Linux pia iko alama kama hiyo. Huko Linux uwe mwangalifu zaidi, kwa kuwa karani wake hupenda kuweka mzigo mwingi barazani. Mstari wa kunakili unaweza kufika mwisho, na bado kazi inaendelea kimya kimya. Ukiaga, atakuambia usubiri. Msubiri.

Je, ukishaaga halafu ukakumbuka kuna faili umelisahau? Mara nyingi flashi haitaonekana tena kwenye kioo, ingawa iko tunduni. Ichomoe, kisha ichomeke upya. Mgeni aliyekwisha kuaga hupiga hodi tena.

Na kadi ya simu je? Nayo ni hivyo hivyo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya hifadhi, uchague kuitenganisha kadi. Kama hujui pa kubonyeza, zima simu kabisa, ndipo utoe kadi. Usiing'oe kadi simu ikiwa inawaka.

KOMPYUTA IKIKATAA

Mara nyingine unaaga, na kompyuta inakataa. Inakuandikia kwamba kifaa bado kinatumika, funga programu kisha ujaribu tena. Watu wengi hapa hukasirika na kuchomoa. Hapana! Kompyuta haina ubishi na wewe. Inakuambia wako watu bado wamo ghalani.

Watu hao ni nani? Pengine faili liko wazi kwenye dirisha lingine, limejificha nyuma. Pengine wimbo uliomo kwenye flashi unaendelea kuimba. Pengine kazi iko njiani kwenda kuchapwa. Pengine programu ya kukagua virusi inapita faili moja baada ya jingine.

Fanya hivi. Funga madirisha yote yanayohusu flashi hiyo. Ngoja dakika moja au mbili. Aga tena. Ikikataa tena, funga programu zote. Ikiendelea kukataa, zima kompyuta kabisa, ingoje hadi kioo kiwe cheusi na taa zake zizimike, ndipo uchomoe. Kompyuta ikizimwa kwa utaratibu, inamaliza kwanza kuandika yaliyobaki.

Lakini angalia, kuzima si kulaza. Ukifunga tu kifuniko cha kompyuta ya mapajani, mara nyingi inalala, haizimi. Karani amesinzia na leja iko mapajani mwake. Ukiichomoa flashi wakati huo, akiamka atakuta ghala halipo.

TAA YA FLASHI

Flashi nyingi zina taa ndogo. Taa ikimetameta, kazi inaendelea. Usichomoe. Lakini taa ikitulia, isikudanganye. Huenda karani amepumzika kidogo tu, na mzigo mwingine bado uko barazani. Kwa hiyo taa inaweza kukuambia "usitoe", ila haiwezi kukuambia "toa". Ruhusa ya kutoa inatoka kwa mfumo endeshi.

"MBONA MIMI HUCHOMOA TU?"

Wako watakaosema, "Sisi tunachomoa kila siku, na hakuna kilichoharibika." Tunawaamini. Tena tuwaeleze kwa nini.

Mwishoni mwa mwaka 2018 ilitoka Windows 10 ya toleo la 1809. Tangu toleo hilo, kampuni ya Microsoft imeuweka mfumo wake katika utaratibu wa kutoa haraka kwa vifaa vya kuchomeka kama flashi. Maana yake, karani haruhusiwi kurundika mzigo barazani. Kila robota linaingizwa ghalani pale pale. Kwa hiyo kama kazi imekwisha kuandikwa na hakuna kinachoendelea, ukichomoa mara nyingi hutapata hasara.

Lakini fikirini mambo matatu. Kwanza, utaratibu huo unaweza kubadilishwa na mwenye kompyuta, na wewe mteja hujui amebadilisha au la. Pili, kompyuta ya dukani inaweza kuwa ya zamani, au ikawa na Linux. Tatu, hata huko kwenye kutoa haraka, ukichomoa wakati maandishi yanaingia, utaharibu tu. Na wewe kwa macho huwezi kujua ni sekunde ipi karani yuko mlangoni.

Mtu anaweza kuvuka reli mara mia bila kutazama huku na huku. Ile mara mia moja na moja ndiyo tunayoiogopa.

KUAGA SI JAMBO GENI KWETU

Utaratibu huu wa kufunga hesabu kabla ya kuondoka haukuletwa na kompyuta. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikafika Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Mbele alitangulia kirangozi, na wanyapara walisimamia watu na mizigo yao. Mzigo ulioachwa nyuma ulikuwa hasara ya msafara mzima. Baadaye ikaja reli. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Treni nayo haiondoki stesheni kwa kuwa dereva ana haraka. Inangoja ruhusa.

Watengenezaji wa kompyuta walilifikiria jambo hili zamani. Kabla ya flashi, watu walitumia disketi. Kompyuta ya Macintosh iliyotolewa mwaka 1984 haikuwa na kitufe cha kutolea disketi. Uliiomba kompyuta, ikamaliza kazi yake, ndipo yenyewe ikaisukuma disketi nje. Mgeni asingeweza kutoroka.

Flashi za kwanza ziliuzwa mwaka 2000, na mojawapo ilikuwa na nafasi ya megabaiti 8 tu. Leo flashi ya kawaida ya gigabaiti 32 ina nafasi mara 4,000 ya ile. Lakini flashi haina mlango wa kuizuia. Mlango ni mkono wako mwenyewe. Ghala limekuwa kubwa, na hasara nayo imekuwa kubwa.

UMEME UKIKATIKA

Umeme ukikatika ghafla wakati unaandika kwenye flashi, ni sawasawa na kuichomoa. Mzigo ulioko barazani unapotea. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba inazimika papo hapo. Kompyuta ya mapajani yenye betri nzima inaendelea.

Kwa hiyo kazi kubwa usiichape moja kwa moja ukiwa ndani ya flashi. Iandike na kuihifadhi kwanza kwenye kompyuta yenyewe. Ihifadhi kila baada ya dakika chache. Ukimaliza, inakili kwenye flashi, kisha aga. Hivyo umeme ukikatika, flashi yako haimo hatarini siku nzima.

IKISHAHARIBIKA TUFANYE NINI?

Tuseme umekwisha kosea. Umeichomeka flashi na mambo hayaeleweki. Tulia.

Kompyuta inaweza kukuandikia kwamba flashi hiyo lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. USIKUBALI. Kufomati ni kuanza leja mpya isiyo na kitu. Majina yote ya zamani yanafutwa. Bonyeza sehemu ya kukataa.

Usiweke kitu kingine chochote ndani ya flashi hiyo. Kumbuka lile robota lisilo na jina kwenye leja. Ukiweka mzigo mpya, unaweza kulifuta.

Yale mafaili yanayofunguka, yanakili haraka kwenye kompyuta. Baada ya hapo ndipo ukubali kompyuta iikague flashi na kutengeneza leja. Kama kazi yako ya muhimu haionekani kabisa, usiikague kwanza. Mpelekee fundi anayejua kurudisha mafaili. Zipo programu za kazi hiyo. Zinapita ghalani zikitafuta mizigo isiyo na majina. Mara nyingine zinapata, mara nyingine hazipati. Fundi wa kweli hatakuahidi.

KATIBU ALIFANYAJE?

Turudi kwa Katibu wetu. Katika ule mkutano, watu walipoanza kunong'ona, alisimama. Akafungua mkoba wake, akatoa daftari la kikundi. Hisa zote zilikuwamo, wiki kwa wiki, kwa mkono wake mwenyewe, na kando yake sahihi au dole gumba la kila mwanachama. Mwenyekiti akaagiza hesabu zisomwe moja moja. Zikasomwa mpaka jioni. Kila mtu akapata haki yake.

Mwisho wa mkutano Katibu akasema, "Ndugu zangu, kosa ni langu. Nilidhani kuandika ndiyo kumaliza."

Wanachama wakapitisha mambo matatu. Na sisi tunayaona yanafaa kwa kikundi chochote.

1. Daftari la mkono lisiachwe, hata kama kompyuta ipo.

2. Hesabu ziwekwe kwenye flashi mbili. Moja akae nayo Katibu, nyingine Mweka Hazina.

3. Flashi ikishatolewa, ichomekwe tena pale pale dukani na faili lifunguliwe. Likifunguka na kusomeka, iagwe tena, itolewe, ndipo mtu aondoke.

Hilo la tatu ni dogo, lakini lina nguvu. Ukichukua chenji dukani, huhesabu kabla ya kutoka. Na kazi yako uihesabu kabla ya kutoka.

Ndugu wasomaji, mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazazi wetu wengi walishika kalamu kwa mara ya kwanza katika miaka ile. Waliambiwa wajue kusoma barua, kuandika jina, na kutunza hesabu. Kutunza huko hakukuisha. Zamani tulikinga daftari na mchwa na mvua. Leo tunaikinga flashi na haraka yetu wenyewe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Flashi nayo ni daftari. Kabla ya kuichukua, iage kompyuta.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kompyuta, baraza ni nini, ghala ni nini, na leja ni nini?

2. Kwa nini jina la faili la Katibu lilionekana, lakini faili halikufunguka?

3. Kompyuta ikikuambia flashi bado inatumika, utafanya nini?

4. Kuna tofauti gani kati ya kuzima kompyuta na kuilaza?

5. Hesabu za kikundi chenu ziko mahali pangapi? Sehemu moja ikipotea leo, mtagawana kwa kutumia nini?